Macho Mekundu: Moshi au Uchawi?

Mwezi huu nilikusudia kuwaandikia juu ya minyoo ya watoto, na karatasi nilikuwa nimekwisha kuianza. Nimeiweka kando. Hivi karibuni kijana mmoja, fundi seremala wa hapa Nyakato, alimleta mama yake hospitalini siku ambayo mimi nilikuwa zamu kwenye chumba cha macho. Mama alikuwa amejitanda khanga mpaka puani, akitazama sakafu. Baada ya kumwamkia nilimwomba ashushe khanga ili nimtazame. Alisita, akamwangalia mwanawe, kana kwamba nimemwomba jambo la aibu.

Macho yalikuwa mekundu kweli, yakitoka machozi, na kope za juu za jicho la kulia zilikuwa zimepinda na kuingia ndani, zikilikwaruza jicho kila alipopepesa. Nikaanza maswali yetu ya kawaida: yameanza lini, yanawasha au yanauma, unapikia nini. Kabla mama hajajibu, kijana aliniuliza kwa sauti ya chini:

"Mama, haya macho yakirudi kuwa meupe, watamwacha?"

"Akina nani?"

Ndipo aliponisimulia. Mama huyu, ambaye nitamwita Bibi tu, anaishi kijiji kimoja upande wa Magu. Mjukuu wa jirani yake aliugua homa akafa. Kabla matanga hayajaisha, watu wakakumbuka kwamba Bibi alipita pale nyumbani jioni moja, siku mbili kabla mtoto hajaanza kuumwa. Wakakumbuka pia mbuzi wa nyumba ya tatu waliokufa mwaka uliotangulia. Mtu akatumwa kwa mpiga ramli. Baada ya wiki mbili Bibi aliokota barua mlangoni, haina jina la mwandishi, inayosema kwamba asipoondoka kabla ya mavuno hatalima tena. Bibi hajui kusoma. Alisomewa na mtoto wa darasa la nne. Kijana alipopata habari alipanda gari siku hiyohiyo, akarudi naye Nyakato usiku.

Sisi wa Kanda ya Ziwa hatuhitaji kuelezwa barua ya namna hiyo ina maana gani. Simeon Mesaki, mtaalamu wa elimu ya jamii wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ameandika kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 watu 3,693 waliuawa Tanzania Bara kwa mambo ya imani ya uchawi. Wanawake walikuwa 2,286 na wanaume 1,407. Zaidi ya nusu ya watu hao walitoka mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Wala hayo si ya zamani tu. Mwezi Oktoba 2014 katika kijiji cha Murufiti, wilaya ya Kasulu, watu 7 waliuawa kwa mara moja kwa tuhuma hizohizo.

Kwa hiyo swali la kijana halikuwa la mchezo. Hata hivyo, kusema kweli, sikulipenda. Ukilijibu "ndiyo, tutayafanya yawe meupe," umekubali kwamba mekundu yalikuwa ushahidi.

Jikoni kwa Bibi

Tuanze na macho yenyewe. Bibi amepikia mafiga matatu tangu alipokuwa binti. Jiko lake ni kijumba cha udongo chenye mlango mmoja mdogo, na dirisha hakina. Kuni ni shida. Usukumani miti ilikatwa kwa miaka mingi, kwanza wakati wa mkoloni ili kufukuza mbung'o, halafu kwa ajili ya mashamba ya pamba, na iliyobaki tumeifanya mkaa. Basi anawasha alichonacho: mabua, miti ya pamba iliyokauka, na kinyesi cha ng'ombe. Yeyote aliyewahi kupikia kinyesi cha ng'ombe anaujua moshi wake. Sasa chukua saa tatu za jikoni kila siku, kwa miaka 50.

Weupe wa jicho umefunikwa na utando laini wenye mishipa midogo sana ya damu. Moshi ukiuchoma utando huo, mishipa hutanuka ili kupeleka damu zaidi, na jicho huonekana jekundu. Ukipika mara moja kwenye moshi, wekundu utaisha kesho yake. Ukipika kila siku, mishipa haipati nafasi ya kurudi ilivyokuwa, na wekundu unakaa. Moshi huohuo unaongeza hatari ya mtoto wa jicho, na unashuka mapafuni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa duniani kutokana na moshi wa majumbani.

Na ile kope iliyopinda si ya moshi. Hiyo ni kazi ya vikope, ugonjwa ambao wataalamu wanauita trakoma, uliowatesa sana watu wa Dodoma, Singida na sehemu nyingine za ukame. Huenezwa na inzi na vidole kutoka uso wa mtoto mwenye tongotongo hadi kwa mwingine. Mtu akiambukizwa mara nyingi tangu utotoni, upande wa ndani wa kope hufanya makovu, makovu hujikunja, na kope huingia ndani. Akina mama huugua zaidi kwa sababu wao ndio wanaobeba watoto. Ongeza vumbi, jua, na uzee ambao hupunguza machozi. Je, kuna haja ya kutafuta sababu nyingine?

Mtu ataniuliza, mbona mababu hawana macho ya namna hiyo? Wengine wanayo. Lakini babu anaota jua chini ya mti na kusubiri ugali. Anayeupika yuko ndani.

Kitanda cha karibu na meza

Hata hivyo sitaki tuwacheke wale majirani. Nitawaambia kwa nini.

Nilipokuwa nesi kijana, katika wodi ya watoto niliyoanzia kazi, kulikuwa na kitanda kimoja karibu na meza ya wauguzi. Akina mama walikiogopa. Mtoto akilazwa pale, mama yake alianza kulia hata hatujamwekea dripu. Wengine waliomba walale naye sakafuni. Walikuwa wameona kwa macho yao: watoto waliokufa wodini, wengi walifia kitanda kile. Nakiri kwamba hata mimi, mwenye cheti changu, katika zamu ya usiku nilipita pale haraka.

Ilipita miezi kadhaa kabla sijathubutu kumwuliza msimamizi wa wodi, mama mtu mzima na mkali. Alinitazama kwa huruma, akasema, "Binti, jana wewe mwenyewe ulimweka nani pale?"

Nilikuwa nimemweka mtoto mwenye hali mbaya kuliko wote, maana kitanda kile kilikuwa hatua mbili kutoka mezani kwetu na kwenye mtungi wa oksijeni. Ndivyo tulivyofanya sote, kila siku. Kitanda hakikuwaua watoto. Ni watoto waliokuwa wamekaribia kufa waliopelekwa kwenye kitanda.

Akina mama wale hawakuwa wajinga wala waongo. Walichokiona kilikuwepo. Kosa lilikuwa moja tu: waliona vitu viwili vikienda pamoja, kitanda na kifo, wakakifanya kimoja kuwa sababu ya kingine, na kitu cha tatu kilichowaleta pamoja hawakukiona. Ubongo wa binadamu umeumbwa hivyo. Kazi yake kubwa ni kuunganisha mambo. Mtoto mchanga hatujamwogesha na tayari anageuza macho kufuata kitu chenye umbo la uso. Bila uwezo huo tusingejifunza kwamba mawingu meusi upande wa ziwani yanaleta mvua, au kwamba uyoga fulani unaua. Babu zetu waliosikia majani yakitikisika na kudhani ni chui, mara nyingi walikimbia bure, lakini waliishi. Ubongo umezoea kukosea upande huo: afadhali kuona sababu isiyokuwepo kuliko kuikosa iliyopo.

Hata wanyama wana tabia hiyo. Mwaka 1948 mtaalamu wa Marekani, B. F. Skinner, aliandika juu ya njiwa 8 aliowaweka vizimbani wakiwa na njaa. Chakula kilitokea chenyewe kila baada ya muda uleule, njiwa afanye lolote au asifanye kitu. Baada ya muda, 6 kati ya wale 8 walikuwa na mambo yao. Mmoja alizunguka zunguka kabla chakula hakijaja, mwingine alisukuma kichwa kwenye pembe ya kizimba. Chakula cha kwanza kilikuwa kimemkuta njiwa akifanya hivyo kwa bahati, akarudia, kikaja tena, akaamini. Nikisoma habari ya njiwa wale nakumbuka watu wazima ninaowajua, na mimi mwenyewe na kitanda kile.

Degedege na sindano

Mfano unaoniuma kuliko yote ni degedege, kwa sababu huo umejaza makaburi madogo.

Ndugu wasomaji, bila shaka mmesikia ikisemwa kwamba mtoto mwenye degedege akipigwa sindano anakufa, kwa hiyo apelekwe kwanza kwa mganga. Sehemu nyingi za nchi yetu, hasa Pwani, degedege limehesabiwa kuwa shetani au kitu kinachoruka kama ndege, na mtoto hufukizwa, hata kwa moshi wa mavi ya tembo. Na mama atakuapia kwamba dawa ilifanya kazi, kwa maana mtoto aliacha kutikisika palepale.

Anasema kweli, aliacha. Lakini degedege la homa kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 mara nyingi huisha lenyewe kwa dakika chache. Mpaka bibi awashe moto na kutafuta dawa, dakika hizo zimekwisha. Ukimfukiza litaisha, ukimwimbia litaisha, na ukikaa kimya litaisha. Kilichobaki ndani ya damu ni malaria, na hiyo haikufukizwa. Siku ya tatu mtoto hajitambui, sasa analetwa hospitali akiwa amebebwa mgongoni kama mzigo. Tunampiga sindano. Wengine tunawapata, wengine wanakufa mikononi mwetu. Jirani aliyesimama dirishani anaona nini? Kwa mganga aliacha kutikisika. Kwa manesi alipigwa sindano akafa. Ni kitanda kilekile cha karibu na meza.

Sisi wa hospitali nasi hatuna macho ya pekee. Kwa miaka mingi tulitumia kwinini kwa malaria kali na tuliipenda. Ilipokuja dawa ya artesunate, hakuna nesi wala daktari ambaye angeweza kujua kwa kukaa kando ya kitanda kwamba ni bora zaidi. Ilibidi watu wahesabu. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 2010, watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwamo, waligawanywa kama kwa kura, hawa kwinini na hawa artesunate. Katika kila watoto 1,000 waliopata kwinini walikufa 109. Katika kila 1,000 waliopata artesunate walikufa 85. Tofauti ya watoto 24 katika 1,000 huwezi kuiona kwa macho wodini, lakini ni watoto 24. Na kumbukeni, dawa zote mbili hutolewa kwa sindano.

Kwa hiyo mtoto akipata degedege, mlaze ubavu, usimtie kitu chochote mdomoni, usimbane mikono, mpunguze nguo, na likiisha au lisipoisha, mlete. Usisubiri asubuhi. Hapohapo atapimwa malaria kwa tone la damu na majibu ni ya muda mfupi.

Mafungu manne

Nirudi kwa yule kijana. Nilichukua karatasi nikaikunja mara mbili, ikawa na sehemu nne. Nikamwambia, baba, tuhesabu kijiji chenu. Hapa tuwaweke mabibi wenye macho mekundu wanaoishi jirani na nyumba iliyofiwa. Hapa wenye macho mekundu ambao kwa majirani zao hakuna aliyekufa. Upande huu nyumba zilizofiwa ambazo jirani yao hana macho mekundu. Na hapa wasio na hili wala lile.

Fungu la kwanza alilijua bila kufikiri, ni mama yake. La pili alianza kuhesabu kwa vidole, akawataja mabibi kwa majina ya watoto wao wa kwanza. Vidole vya mkono mmoja vikaisha, akaanza wa pili, halafu akaacha. "Karibu wote, mama," alisema. "Mabibi wa kwetu karibu wote macho yao ni hivyo." Nikamwuliza la tatu. Akafikiri. Nyumbani kwa mwenyekiti wa kitongoji mtoto alikufa, na jirani yao ni mwalimu mwenye miaka 30. Nani alimtuhumu mwalimu? Hakuna.

Fungu la kwanza ndilo linalozungumzwa msibani. Mengine matatu hayana msimulizi. Hakuna mtu anayekwenda kwa jirani usiku kumwambia, unajua, leo yule bibi mwenye macho mekundu amepita kwetu na sote tumeamka wazima.

Tena kumbukeni idadi ya vifo vya watoto ilivyokuwa. Mwaka 1999 nchini kwetu watoto 147 katika kila 1,000 waliozaliwa walikufa kabla ya kutimiza miaka 5. Katika kitongoji cha watoto 100 hao ni 14 au 15. Katika hali hiyo bibi kikongwe asingeweza kutembea kwenda kisimani bila kupita nyumba ambayo muda si mrefu ingefiwa. Mwaka 2022 hesabu ilikuwa imeshuka hadi 43 katika 1,000. Macho ya mabibi hayakubadilika. Zilikuja chanjo, vyandarua na dawa.

Mpiga ramli naye anaishi kwa fungu la kwanza. Wengi mnajua ramli ya kuku jinsi ilivyo kwetu. Mteja anapeleka kifaranga, kinapasuliwa, na mganga anasoma madoa, mishipa na mifupa. Hakuna kuku asiye na madoa. Halafu mganga anasema: ni mwanamke, si kijana, anaishi upande wa machweo, mnasalimiana naye. Jina halitaji. Jina analileta mteja mwenyewe kutoka kichwani mwake, na kwa kuwa amelileta mwenyewe anashangaa mganga amejuaje. Mwezi Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alifuta leseni za waganga wa jadi kwa sababu ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, na mwaka 2015 serikali ikapiga marufuku waganga wapiga ramli na kuwakamata zaidi ya 200. Kwa maoni yangu kukamata ni sawa, lakini mteja akibaki na fungu moja tu kichwani atampata mwingine.

Na ndoto je?

Nimeulizwa haya katika jumuiya yetu ndogo ndogo. MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 na mamia ya watu kufa, nilisikia habari nyingi za waliootea ajali ile. Sina sababu ya kusema walidanganya. Lakini kila mtu huota mara kadhaa kila usiku, na sisi tunaoishi kando ya ziwa tunaota maji na mitumbwi. Ndoto za meli ambazo asubuhi yake meli ilifika salama zimekwenda wapi? Zimesahauliwa kabla ya chai.

Kuhusu kukabwa usiku, yaani jinamizi, hilo lina maelezo ya mwili. Tunapoota, ubongo hufunga misuli ili tusiamke na kuanza kupigana. Mara nyingine mtu huzinduka kabla misuli haijafunguliwa. Macho yanaona chumba, mwili hausogei, kifua kizito, na ubongo, kwa tabia yake ileile, unatafuta nani amekaa juu yake. Mwaka 1995 Zanzibar ilishikwa na hofu ya Popobawa, watu wakawa wanakesha nje kwa makundi. Anayelala kwa hofu na kuamka amka hupata jinamizi zaidi, na akilisimulia asubuhi, usiku unaofuata linampata jirani.

Mwanajumuiya mmoja, baba mkorofi kidogo, aliniuliza kama basi nakana na miujiza. Nilimjibu kwa habari ya Lourdes kule Ufaransa. Tangu mwaka 1883 kuna ofisi ya madaktari pale inayowapima wanaosema wamepona. Zaidi ya watu 7,000 wameandikishwa. Hadi mwaka 2018 Kanisa lilikuwa limetambua 70 tu kuwa ni miujiza. Nilimwambia, ikiwa kwa habari njema tunapima mafaili kwa miaka, kwa nini kumhukumu bibi iwe ni kazi ya jioni moja na kifaranga? Alicheka, lakini nadhani alisikia.

Ilivyokuwa

Daktari wa macho alimfanyia Bibi upasuaji mdogo wa kope, kwa ganzi, na alirudi nyumbani siku ileile. Yeyote mwenye kope zinazochoma aende hospitali mapema, asizing'oe kwa kibano kila wiki mpaka jicho life. Na jicho likiwa jekundu ghafla, likauma sana na kuona kukafifia, usitie dawa ya dukani wala maziwa ya mama, kimbia siku hiyohiyo, maana huenda ni presha ya macho.

Kijana nilimwelekeza ile barua aipeleke polisi, asiichane. Kutishia kuua kwa maandishi ni kosa la jinai hata kama barua haina jina. Tulizungumza pia juu ya jiko. Kule Magu shirika la MAPERECE lilifanya kazi nzuri ya kuwajengea wazee majiko yanayotumia kuni chache na kutoa moshi kidogo, na kijana ana mikono ya kazi. Matofali, udongo na bomba la kutolea moshi juu ya paa si mambo makubwa kwake. Kama jiko hilo atalijenga kijijini au hapa Nyakato, alikuwa bado hajajua. Bibi mwenyewe anataka kwao. Ana karanga shambani.

Siku ya kuja kutoa bandeji alikuwa hajajitanda usoni. Aliongea zaidi kuliko siku ya kwanza. Nilipokuwa nikimsafisha jicho aliniuliza, "Mwanangu, wewe umesoma. Yule mtoto alikufa na nini?"

Nilimwambia kwamba sikumwona mtoto, kwa hiyo siwezi kusema kwa hakika. Lakini kwa walivyonisimulia, homa siku tatu, degedege, mganga kwanza, hospitali siku ya nne, ningeweka malaria.

Alinyamaza kidogo. Halafu akasema, "Alikuwa akija kwangu kila jioni kumenya karanga."